Chupa ya Tatu Mezani kwa Msanifu

Msanifu majengo alifia mezani kwake Jumamosi alasiri, mvua ikinyesha, mkononi ameshika glasi ya divai nyekundu ambayo sajini alipotajiwa bei yake aliomba atajiwe tena. Mwanzoni wageni walidhani ni mzaha. Marehemu alikuwa mtu wa vichekesho, na alipolaza kichwa juu ya kitambaa cha meza waliendelea kucheka kidogo. Wa kwanza kunyamaza alikuwa mkewe.

Inspekta aliikuta meza kama ilivyoachwa. Chupa tano zilivishwa mifuko ya kaki, kila mfuko umefungwa uzi shingoni na kuandikwa namba. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuonja bila kuona lebo: unanusa, unaonja, unatema kwenye ndoo, kisha unataja ni divai gani. Walikuwa wamefika ya nne. Msanifu hakuwa akitema. "Divai nzuri haitemwi," alizoea kusema, na alikuwa na glasi yake mwenyewe, yenye pengo kwenye kitako, ambayo rafiki zake wote waliijua na hakuna aliyethubutu kuigusa. Sumu ilipatikana ndani ya glasi hiyo. Kwenye chupa haikuwemo hata tone.

"Basi kazi imekwisha, afande," sajini alisema Jumatatu asubuhi, majibu ya maabara yakiwa mkononi. "Glasi alizipanga mke. Wageni wote wawili wanasema walikaa barazani mpaka walipoitwa. Mkuu anataka mtu kabla ya adhuhuri, na mtu tunaye."

"Pingu hazichachi, sajini. Ziache mfukoni kwanza."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na kesi zinazojimaliza zenyewe zilimkera. Akamfuata mjane jikoni.

"Glasi nilizipanga mwenyewe, sikatai," mjane alisema. "Yeye alikuwa anazifunga chupa. Baadaye akatoka kutazama bomba linalovuja uani, mimi nikaenda kuoga. Mlango wa chumba cha kulia haukufungwa. Tuufunge, tunamwogopa nani?"

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Vyombo vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Lakini kumuua?" Alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Binti yetu yuko shule ya bweni. Bado hajaambiwa. Nataka nikamwambie mimi, nimshike. Mkinichukua leo, mama, ataambiwa na nani? Ataambiwa na redio?"

Inspekta alimwambia pole, akaenda sebuleni alikokuwa akingoja mgeni wa kwanza, daktari wa masikio na pua, mtu mnene aliyekaa kwa aibu kama aliyekuja kuposa.

"Mimi divai siijui," daktari alikiri. "Ni mtu wa soda. Nilikuja tu kwa kuwa Msanifu aliniomba. Mjuzi ni yule mwenzangu wanayemwita Ulimi, niliyemkuta barazani nilipofika. Mahoteli yanamlipa ayachagulie divai, na gazetini anaandika. Zote nne alizitaja. Mifuko ilipofunguliwa baadaye, lebo zikawa zilezile alizosema. Hata ile ya tatu."

"Kwa nini unasema 'hata ile ya tatu'?"

Daktari alijikuna shingo. "Ilinuka, Inspekta. Ilinuka tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Nikataka kusema, lakini Ulimi alikuwa anaisifu. Mara waridi, mara ngozi mpya. Akasema hii ni Shamba la Watawa, hakuna nyingine. Nikanyamaza, nisionekane mshamba."

"Na Msanifu?"

"Alimtazama Ulimi muda mrefu. Nilidhani amefurahi. Sasa nikikumbuka, alikuwa kama mtu anayetaka kulia."

Inspekta alirudi mezani, akainua chupa ya tatu na kuitia puani. Sajini alikohoa.

"Afande, wewe si hunywi?"

"Kinywa changu hakinywi. Pua haijaapa."

Tambara bichi, kweli. Lebo ilisema Shamba la Watawa. Akaingia jikoni, akafungua kabati moja baada ya jingine, na nyuma ya sufuria kubwa akakuta jagi lenye kifuniko, limejaa divai yenye harufu tamu iliyompanda mpaka kichwani. Ndani ya pipa la taka kulikuwa na chupa tupu ya lebo nyingine, Mlima Mweusi, na kizibo kilichoota ukungu.

"Hiyo Mlima Mweusi tuliifungua Ijumaa," mjane alisema. "Kizibo kilikuwa kimeoza. Ukiionja huoni tofauti kubwa, ila ukiinusa unaikimbia. Nilimwambia aimwage. Hilo jagi silijui."

Inspekta alisimama hapo akilitazama jagi. Kisha akamwambia sajini amlete Ulimi.

Ulimi alikuja amevaa suti nyeusi, mtanashati licha ya uzee, akamshika mjane mikono. "Pole tena, shemeji." Wote waliketi pale pale walipoketi Jumamosi. Kiti cha Msanifu kiliachwa wazi. Inspekta aliweka glasi mbili mbele ya Ulimi.

"Naambiwa hukosei. Moja ya hizi ni Shamba la Watawa. Nioneshe ni ipi."

Ulimi alizungusha ya kwanza, akafumba macho, akanusa. Mjane, aliyeketi upande wa pili wa meza, aligeuza uso na kuziba pua. Ulimi hakumwona. Alionja ya kwanza, akaonja ya pili, akarudia ya kwanza. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Hii," alisema, akiinua ile ya tambara. "Ndiyo ile ya Jumamosi."

"Ya Jumamosi ndiyo. Shamba la Watawa siyo. Msanifu alimimina divai iliyooza ndani ya chupa ya Watawa, na Watawa halisi akaificha kabatini. Hakuna ulimi duniani ambao ungeweza kuitaja Watawa kwa kuonja. Jina hilo lilikuwa kwenye lebo tu, na lebo ilikuwa ndani ya mfuko. Uliushusha mfuko, bwana. Na chupa zilikuwa meza moja na glasi yenye pengo."

Ulimi aliirudisha glasi mezani.

"Pua yangu ilikufa," alisema. "Nilipata homa, nikapona, harufu haikurudi. Mwezi uliopita sufuria iliungua karibu yangu, jikoni mwa nyumba hii, nikakaa tu. Msanifu akaniona. Wiki iliyopita akanipigia simu: 'Njoo Jumamosi, tulimalize hilo jambo lako.' Mbele ya watu! Nisipokuwa Ulimi, mimi ni nani?"

"Sumu ilitosha. Kwa nini ulihangaika na lebo?"

"Angekufa, na watu wangebaki wakikumbuka kwamba siku ile nilishindwa."

"Ungesema hujui," Inspekta alisema, "leo ningekuwa nimempeleka huyu mama rumande."

Daktari alikuwa amejishika kichwa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Sasa ndiyo naelewa. Aliniambia ana rafiki ana tatizo la pua, ana aibu kwenda hospitali. Akaniomba nije kama mgeni, tule, tunywe, halafu nimchukue pembeni nimwangalie. Ulimi alipozitaja zote, nikadhani siye. Kumbe Msanifu alitaka kuwa na hakika kwanza." Akamtazama Ulimi. "Nilikuja kwa ajili yako."

Ulimi alinyosha mikono. Sajini akamvisha pingu.

Mjane alikuwa tayari amevaa viatu vya safari ya shuleni. Lakini kwanza alilichukua jagi, akalipeleka kwenye sinki lililokuwa pembeni ya mlango, akalimimina lote. Harufu ikajaa nyumba nzima. Daktari alifumba macho, na hata sajini alisimama.

Ulimi aliona nyuso zao, akasita mlangoni.

"Inanukaje, shemeji?"

Mjane alifungua bomba, akasuuza jagi, akatoka kwenda kwa mwanawe.