Kitambaa Kisichokatwa

Haya mambo ni ya kweli tupu. Wanaonifahamu watakuambia kwamba huwa naongeza chumvi. Wasikutie wasiwasi. Safari hii chumvi sikuigusa kabisa, na anayebisha aende akamuulize Fundi mwenyewe.

Fundi alikuwa mwanamke mshonaji. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kilichotazama barabara. Ndani kulikuwa na cherehani ya miguu, meza ndefu, pasi na mkasi mkubwa. Dirishani alikaa mama mkwe wake, akishona vifungo kwa mkono na kuwatania wapita njia.

Fundi alishona vizuri. Mshono wake ulinyooka kama umepigwa rula. Lakini mjini hawakumwita Fundi. Walimwita Kesho Asubuhi.

Jina hilo hakulipata bure. Mteja alipoingia na kitambaa, Fundi alimpima upesi upesi. Kabla mteja hajafika mlangoni, mkasi ulikuwa umeshapita. Hila hiyo alifundishwa na fundi aliyemfunza kazi: kitambaa kikishakatwa, mteja hawezi kukipeleka kwa fundi mwingine. Kisha Fundi humwambia, "Njoo kesho asubuhi." Vipande huvitupa pembeni, juu ya vipande vya watu wengine.

Mteja akirudi, Fundi huchomoa kipande kimoja na kumwonyesha. Unaona, nimeshaanza. Basi mteja huenda zake akinung'unika. Lundo lile lilikua hata paka akiingia asubuhi, alitokea jioni akiwa amevaa kola.

Siku moja aliingia muuguzi mkuu wa zahanati. Aliweka mezani kitambaa cha samawati. Akasema wauguzi wote wa zahanati wanahitaji sare mpya, na kila mwaka watahitaji nyingine. Ila kwanza ashonewe yeye gauni moja la majaribio, achukue Ijumaa. Likiwa tayari, kazi yote ni ya Fundi. Lisipokuwa tayari, kuna fundi mwingine ng'ambo ya barabara.

Fundi aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Wateja walikuwa wanapungua, na nyumba nzima ilitegemea cherehani ile. Kwa hiyo alifanya alivyozoea. Alikata kitambaa pale pale na kukitupa kwenye lundo.

Alhamisi alianza kutafuta. Alipata kifua, mgongo na mkono mmoja. Mkono wa pili haukuonekana. Waligeuza lundo juu chini, yeye na mama mkwe, mpaka mama mkwe akakumbuka shati la samawati la kinyozi, lililochukuliwa juzi. Mkono wa gauni ulikuwa umeshonwa kwenye shati hilo, na kinyozi alikuwa amelivaa kwenda kumposea mdogo wake mchumba.

Ijumaa muuguzi mkuu alivaa gauni lenye mkono mmoja. Alijitazama kwenye kioo. Hakucheka wala hakufoka.

"Mkono uliopo umekaa vizuri, Fundi," alisema. "Lakini mimi wagonjwa wangu siwaambii waje kesho asubuhi. Jumatatu nitapita. Siji kuchukua nguo. Nataka unitajie siku nitakayoiamini."

Fundi alifungua kinywa. Mama mkwe akakohoa kwa nguvu. Fundi akakifunga.

Chumba cha pili kilikuwa cha mwoka mikate. Mama huyo alikuwa na macho ya biashara. Kila siku alitazama wateja wa Fundi wakiingia wakitabasamu na kutoka wamenuna. Jioni ile alileta mkate wa moto, akaketi kwenye kigoda, akaulizwa maoni.

Akaeleza taratibu. Tanuri lake huingiza trei chache tu. Zikijaa, hasukumi nyingine kwa nguvu. Humwambia mteja saa ya mkate unaofuata, na mteja huenda zake bila kununa, akarudi saa hiyo. Fundi naye ajue uwezo wake. Asihesabu siku aliyoshona sana kuliko zote. Ahesabu siku ya kawaida, yenye mtoto mwenye homa na uzi unaokatika.

"Nisipokata mapema," Fundi alisema, "mtu atachukua kitambaa chake aende."

"Jirani, sasa hivi wanakuachia kitambaa halafu hawarudi," mwoka mikate alijibu. "Umeshika vitambaa, watu umewakosa."

Fundi aligeuka kulitazama lundo. Kisha akainuka na kusema kwamba lundo hilo litaisha, na analianza leo.

Walipigilia misumari kwenye ubao ukutani. Kila siku ya kazi ilipata msumari wake, na kila msumari ulibeba nguo mbili tu. Msumari wa Jumamosi uliachwa wazi kwa ajili ya dharura. Kitambaa kitatundikwa kikiwa kizima, na kitakatwa siku yake ikifika. Vipande vya lundo waliviunganisha kimoja kimoja, wakafunga vya kila mtu kwa uzi wake na kuvipangia siku. Fundi mwenyewe alizunguka kwa wateja kuwaomba radhi na kuwatajia siku za kweli. Kinyozi alirudisha mkono wa gauni. Posa ilikubaliwa, alisema, ingawa wakwe walimwangalia sana mkono.

Jumatatu mapema aliingia mzee mmoja na kitambaa cha suruali. Alitaka Jumatano. Vidole vya Fundi vilikwenda vyenyewe kwenye mkasi. Akavirudisha. Akamwonyesha mzee ubao: Jumatano imejaa, nafasi ipo wiki ijayo. Mzee akakunja kitambaa chake, akavuka barabara.

Fundi alimtazama akienda, roho ikimuuma.

"Muache," mama mkwe alisema. "Ameondoka bila kukutukana. Huo ni mwanzo, mwanangu."

Haukupita muda, mzee akarudi. Fundi wa ng'ambo alikuwa amemwambia aje kesho asubuhi. Akauliza ule msumari wa wiki ijayo uko wapi.

Muuguzi mkuu alipofika, Fundi hakujitetea. Alimwonyesha misumari. Gauni lake ni Jumamosi saa kumi, kwa msumari wa dharura, kwa sababu kosa lilikuwa la karakana. Sare za wenzake zitatoka chache kila wiki, kwani kuna wateja wengine waliotangulia. Muuguzi mkuu aliusoma ubao wote kwa macho. Akasema atakuja Jumamosi saa kumi.

Alikuja. Gauni lilikuwa kwenye msumari, limepigwa pasi, mikono yote miwili ipo. Alilivaa, akainua mikono juu, akaishusha. Kisha akafungua mfuko na kutoa vitambaa vya wauguzi wote. Fundi alivitundika vizima. Mkasi hakuugusa.

Leo Fundi ni maarufu. Foleni ya wateja wake huanzia mlangoni, hupita kwa mwoka mikate, hukata kona na kuishia stendi ya mabasi.

Hapo ndipo nilipokamatwa. Nilikuwa nimeketi karakanani, nikimsomea Fundi hadithi yake. Akasimamisha cherehani.

"Foleni iko wapi, babu?"

Nilichungulia nje. Mteja mmoja aliingia, akachukua nguo yake, akaondoka.

"Hapa hakuna anayesubiri. Kila mtu ana siku yake," Fundi alisema. "Faida yote ni hiyo, na wewe umeifuta."

Mama mkwe akaeleza sheria ya karakana: siku hizi anayesema uongo humu ndani, hata akiwa Fundi mwenyewe, hulipa kwa kufumua pindo. Nikapewa wembe na suruali kuukuu. Nilifumua mguu wa kulia. Nikasema na wa kushoto pia tayari. Fundi akaja, akaugeuza kwenye mwanga.

Sasa nina suruali mbili za kufumua.