Pini Yenye Uwazi Katikati

Mume wangu alifariki siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana.

Asubuhi tulikunywa chai, tukafungua karakana. Ni chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha linalotazama barabara. Yeye alitengeneza bodi za umeme, zile sahani za kijani zilizomo ndani ya redio, runinga na mashine nyingine. Mimi nilipokea wateja na kufungua skrubu. Baada ya miaka kumi na mmoja nilijua pia kulehemu, yaani kuyeyusha risasi kwa pasi ya moto ili kuunganisha vyuma viwili.

Siku hiyo balbu ya taa ya mezani iliungua.

"Naenda kununua balbu," akasema. "Narudi sasa hivi."

Alianguka mlangoni mwa duka. Daktari alisema ni moyo.

Mezani aliacha bodi moja imelala kifudifudi. Pini moja ya bodi hiyo, kijiti cha chuma kinachoshika plagi, ilikuwa imetolewa. Kando yake palikuwa na kimfuko cha plastiki chenye pini mpya sita. Kwa wiki tano sikuweza hata kuisogelea meza hiyo.

Wiki ya sita mwalimu alikuja. Ni mwalimu wa hisabati, na miguu yake haitembei tangu utotoni. Bodi ile ilikuwa ya kiti chake cha umeme. Siku hiyo alikuja kwa kiti cha kawaida, akisukumwa na jirani yake.

"Dada, pole tena," alisema. "Sikuja kukusumbua."

"Karibu, Mwalimu. Kiti chako najua."

"Wanafunzi wananisukuma kama mkokoteni wa viazi. Jana waliniegesha kivulini, wakaenda kucheza mpira."

Tulicheka. Kisha akasema jambo lililomleta. Shule yao ina majengo mawili, na katikati inapita barabara. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia kwamba asipoweza kuvuka mwenyewe, muhula ujao atahamishiwa maktaba.

"Maktaba ni pazuri," alisema. "Lakini mimi ni mwalimu."

Nilimwahidi kwamba nitajaribu.

Jioni ile nilimwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Yeye ni fundi pikipiki, na kibanda chake kiko mlango wa pili. Tulikaa mezani, tukaimulika bodi. Marehemu alishanieleza kosa la bodi hiyo. Mtu fulani aliwahi kuvuta plagi ya betri kwa upande, pini moja ikalegea. Kwa hiyo umeme ulikatika kila kiti kilipotikisika.

Nilimwaga pini mpya kiganjani. Kila moja ilikuwa na uwazi katikati, kama tundu la sindano.

"Shemeji, hebu ona. Zimepasuka zote."

Akaichukua moja, akaigeuza. "Kaka aliuziwa takataka. Macho yake nayo, Mungu amrehemu, mpaka chumvi na sukari alikuwa anauliza."

Nilimkasirikia marehemu kidogo. Nikazirudisha pini zile kwenye kimfuko, nikachukua ile ya zamani aliyoitoa, iliyokuwa bado mezani. Ilionekana imara zaidi. Uwazi wake ulikuwa karibu umezibika. Niliisukuma kwa koleo ndogo, ikaingia kirahisi. Tuliirudisha bodi kwenye kiti cha umeme kilichokuwa pembeni, kikatembea. Kesho yake mwalimu aliondoka nacho huku akipiga honi.

Siku ya tatu kilisimama katikati ya barabara.

Mwalimu alirudishwa karakana na dereva wa lori. "Huyu baba amenitukana, akanisukuma, kisha akaniomba radhi," alisema. "Yote kwa dakika mbili." Dereva aliinamisha kichwa, akaaga. Alipoondoka, mwalimu hakutania tena. 

"Dada, leo nimeogopa."

Nilikwenda kumwita shemeji kibandani mwake.

Shemeji aliifungua bodi palepale. "Kosa nimeliona," alisema. "Tazama upande wa chini. Pini zote nane hazina risasi. Kiwanda kimefanya uvivu. Washa pasi, tulehemu tumalize."

Niliwasha pasi. Ikaanza kupata moto. Lakini kitu kilinisumbua. Nilichukua kioo cha kukuza, nikaangalia pini moja baada ya nyingine.

"Shemeji, mtu akisahau husahau moja. Mbona wamesahau nane?"

"Labda ilikuwa Ijumaa."

"Hata kama ni Ijumaa. Na kiti kimetembea miaka minne. Umeme ulikuwa unapita wapi?"

Alikuna kichwa. Nilichomoa pasi.

Ghorofa ya juu anaishi mama mmoja mtu mzima. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha bodi za magari. Sisi tunamwita Mama Taratibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Nilipanda kumwita.

"Magoti yangu yanajua hizo ngazi," alilalamika akishuka. "Kama ni redio nyingine, nitawapiga."

Alipoiona bodi aliinama juu yake. Kisha aliuliza, "Nani amewasha pasi hapa? Nasikia harufu."

Shemeji alinitazama. Mimi nilimtazama mwalimu.

"Hatujalehemu, Mama," nilisema. "Tulitaka kujua kwanza kwa nini hizi hazina risasi."

"Afadhali! Hizi hazilehemiwi. Hizi husukumwa tu." Alikiona kimfuko, akatoa pini mpya. "Na hii mbona mmeiacha?"

"Imepasuka katikati," alisema shemeji.

Mama Taratibu alicheka mpaka akashika meza. "Haijapasuka, baba. Imetengenezwa hivyo. Ibane hapo kwenye uwazi. Taratibu."

Niliibana kwa koleo kidogo sana. Mbavu zake mbili zilikaribiana. Nilipoachia, zilirudi. Nikataka kuibana tena, akanipiga kidole.

"Ukiichezea utaichosha. Sasa sikiliza. Pini ni pana kidogo kuliko tundu la bodi. Ukiisukuma, mbavu hubanwa. Zikibanwa, nazo husukuma nje. Ndani ya tundu kuna ukuta mwembamba wa shaba. Mbavu huukandamiza ukuta huo, hata hewa haina pa kupita. Umeme unapita hapohapo."

"Kumbe ni springi," alisema mwalimu.

"Springi ndogo. Sasa niambie, mwanangu. Ile ya zamani uliporudisha, iliingiaje?"

"Vizuri. Kirahisi kabisa. Nilifurahi."

"Kiwandani ungenuniwa. Mashine yetu ilipima nguvu. Pini ikiingia kirahisi, mashine ilipiga kelele na bodi iliwekwa pembeni. Ya zamani imeshabanwa mara moja. Ni kama soksi iliyolegea lastiki. Unaivaa, lakini inashuka."

"Na tungelehemu?" aliuliza shemeji.

"Moto ungezilegeza mbavu, ungeweza kuharibu na tundu. Risasi ikishaingia mle, pini mpya haikai tena sawasawa."

Nilikitazama kimfuko. Marehemu alijua. Alinunua kitu sahihi, akakiweka mahali sahihi, na mimi nikakubali kwamba aliuziwa takataka.

"Kwa nini hakuniambia?" niliuliza. Sikukusudia kusema kwa sauti.

Mama Taratibu alijibu kwa upole. "Alikwenda kununua balbu, mwanangu. Mtu anayekwenda kununua balbu haachi maelezo."

Nililia kidogo. Hakuna aliyeniharakisha. Kisha nilinawa uso, tukaanza kazi.

Kwanza tuliitoa pini ya zamani, tukaitupa. Mama Taratibu aliangalia tundu kwa kioo cha kukuza. Shaba yake ilikuwa nzima pande zote. "Tundu hili limetolewa pini mara mbili," alisema. "Hii ndiyo ya mwisho. Ikilegea tena, tafuteni bodi nyingine."

Chini ya bodi tuliweka kipande cha plastiki ngumu, tukakitoboa pale ambapo ncha ya pini ingetokea. Bila hicho, bodi ingepinda na kupasuka. Tukatumia stendi ya drili, drili yenyewe ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Mpini wake ukivutwa, kichwa chake hushuka wima bila kuyumba na kuikandamiza pini.

"Si nyundo?" shemeji alinong'ona.

"Nyundo ipeleke kwenye pikipiki zako," Mama Taratibu alijibu. "Mwanangu, shusha. Taratibu. Usisite katikati."

Nilishusha mpini. Nilihisi pini ikikataa. Niliendelea kukandamiza, ikaingia kwa shida hadi mabega yake yakalingana na wenzake saba. Kisha nikaacha. Nilichomeka plagi, nikaitikisa huku mwalimu akitazama mita ya kupimia umeme. Namba haikucheza hata mara moja.

"Sipandi leo," alisema mwalimu. "Mtu mwingine apande kwanza."

Shemeji ndiye aliyepanda. Kwa siku tatu alizunguka uani, akapita kwenye mashimo na juu ya kokoto, hata majirani wakauliza ameumia lini. Kiti hakikusimama. Siku ya nne mwalimu alikuja, nikamsindikiza hadi shuleni. Barabarani nilitembea kando yake, mkono wangu karibu na mpini wa kiti. Alifika ng'ambo, akageuka.

"Dada, toa mkono. Wanafunzi wanaona."

Niliutoa.

Muhula ulipofunguliwa, hakupelekwa maktaba. Sasa ni mwezi wa saba tangu pini ile iingie. Ana vipindi vitano kwa siku, vitatu upande huu wa barabara na viwili upande wa pili, na huvuka peke yake.