Shikamoo Iliyomwangusha Chuma Reli

Nina miaka ishirini na mitatu na mtoto mmoja wa kiume. Kidato cha nne nimemaliza. Nalitaja hilo la shule mapema, wasomaji wenzangu, msije mkasema nilidanganywa kwa ujinga. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima kijijini kwetu Titye! Wazee wenye mvi niliwashika mkono mpaka wakaweza kuandika majina yao… na mwanangu mwenyewe akakaa miezi minane bila jina!

Chuma Reli mnamkumbuka? Mpiga mieleka gani mwingine alijaza uwanja wa mpira wa Kasulu mpaka watu wakapanda juu ya paa la choo cha soko? Alianza kama mpagazi wa stesheni Kigoma, akibeba magunia mawili kwa mpigo, ndipo kikundi cha wapiga mieleka waliokuwa wakizunguka na lori kikamchukua. Ndivyo alivyonisimulia. Mfukoni alikuwa na kipande cha gazeti chenye picha yake, kamnyanyua mtu juu ya kichwa. Mabango yalisema amewaangusha wababe wa Tabora, Mwanza na Bujumbura. Watoto waliruka kamba wakiimba jina lake.

Alinifuata darasani kwangu, eti nimwandikie mabango kwa mwandiko mzuri. Baada ya mabango zikaja barua. Baada ya barua ikaja posa.

Kwetu Waha msichana haozwi kwa mtu mmoja, huozwa kwa watu. Kwanza anatumwa mjumbe aende kwao mwanamume, aulize. Hawa ni akina nani? Wana ugomvi na nani? Kisha wazee wa pande mbili wanakaa na kunywa pombe ya mtama kutoka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake. Wakishanyonya pamoja, neno ni neno.

Baba alitaka kumtuma baba yangu mdogo. Chuma Reli akainamisha kichwa kwa adabu. "Baba, mtamsumbua mzee bure. Kwetu ni nyuma ya Kibondo, na kijiji kizima kimehamishwa. Atakuta migomba tu."

Nani angemtilia shaka? Sisi wenyewe kiangazi kile tulikuwa tumebomoa nyumba yetu ya zamani tukahamia kandokando ya barabara, kwenye kijiji cha Ujamaa. Baba alicheka. "Hata mimi ukinitafuta nilikozaliwa, utapokewa na nyani!"

Basi hakutumwa mtu. Wasomaji, kosa letu lote liko hapo!

Akaja mzee mmoja, baba mdogo wa Chuma Reli. Pande la mtu, koti refu, kofia mkononi, sikio la kushoto limesinyaa kama uyoga uliokanyagwa. Alisifu nyumba yetu, akasifu maharage yetu, akamwaga machozi kidogo kwa ajili ya marehemu kaka yake. Yeye na baba wakanyonya mtungi ule mpaka mirija ikaanza kukoroma.

Shangazi yangu wa Muyama peke yake ndiye aliyekunja uso. Aliniambia, "Huyu mzee anaongea vizuri mno. Mtu mkweli hukosea kidogo." Nikamwona ana kijicho… Mungu anisamehe!

Tukapanga chumba Kasulu mjini. Mwezi wa kwanza nilikuwa malkia. Mwezi wa pili nikaanza kutazama.

Alirudi kutoka uwanjani kifua chekundu kwa damu, watu wakimpa pole njia nzima. Nikimwogesha, damu inatoka, jeraha silioni. Jeraha liko wapi? Siku moja, nikifagia buibui, nikakuta juu ya boriti kibofu cha mbuzi kimeoshwa vizuri na kufungwa uzi mdomoni. Nikamuuliza. Akasema ni dawa ya nguvu, mwanamke asiiguse. Akaniambia pia nisije kamwe kumtazama akipigana, kwamba mke akitazama, nguvu humtoka mume.

Lakini kila alichosema tangu siku ile nilikipima mara mbili.

Mtoto akazaliwa. Desturi yetu, mzee wa upande wa baba ndiye anayempa jina. Tukangoja. Baba mkwe, yule mzee aliyenyonya mtungi na baba, hakuja. Mtoto akaota jino, tukamwita "Mtoto" tu. Majirani wakaanza. Mmoja alinipita kisimani akasema kwa sauti, "Hata mbuzi wa kwetu ana jina!"

Hatimaye ikaja barua. Baba mkwe anaumwa mguu, tumvumilie. Wasomaji, mimi nilikuwa mwalimu wa kuandika. Mwandiko ule niliujua kama nijuavyo unyayo wa mwanangu. Ulikuwa ule ule wa barua zake za uchumba!

"Hii umeandika wewe," nikamwambia.

"Mzee hajui kuandika. Alinitamkia, nikaandika."

"Lini? Wiki mbili hujatoka Kasulu!"

Akacheka. "Mwalimu, leo umenigeuza mwanafunzi? Nipigie mstari mwekundu basi."

Sikucheka. Jumamosi iliyofuata alisema anakwenda Kibondo kupigana. Nikasubiri lori lao liondoke, nikamfunga Mtoto mgongoni, nikadandia lori la maharage. Nilijiambia, nyuma ya huko ndiko kwao. Nitamtafuta mzee mwenye sikio lile mpaka nimpate, ampe mwanangu jina!

Uwanjani Kibondo palikuwa pamefurika. Mtangazaji mwenye kipaza sauti alipiga kelele kwamba mpinzani wa leo ni Nyati wa Msituni, kaletwa kutoka misitu ya Kongo, anakula nyama mbichi, hajui lugha ya binadamu hata moja! Nyati akatoka amevaa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho, ananguruma. Wanawake wakarudi nyuma. Mume wangu akapigwa, akaanguka, damu ikamtoka kifuani. Mimi peke yangu nilijua imetoka wapi. Kwenye kile kibofu cha mbuzi!

Kisha Chuma Reli akainuka, akamnyanyua Nyati, akambwaga chini puu! Na kwa kumkomesha kabisa, akalivuta lile gunia na kulirusha kwa watazamaji.

Nikaliona sikio.

Nilitaka kupiga yowe, nilitaka kuokota jiwe. Sijui ni akili gani iliyonijia. Nikapenya mpaka mbele, nikapiga goti kama mke wa watu anavyopaswa, nikasema kwa sauti yote niliyo nayo:

"Shikamoo, baba mkwe!"

Na yule Nyati asiyejua lugha ya binadamu, akiwa bado chali, akaitika:

"Marahaba, mwanangu! Mtoto hajambo?"

Uwanja ukalipuka!

"Kumbe nyati ana adabu!"

"Mzee, hiyo nyama mbichi unakula na ugali?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamtazama mume wangu. Nilidhani ataona haya. Akaninyooshea kidole, akamwambia mtangazaji, "Mtoeni huyu mwanamke. Ni mwendawazimu. Simjui!"

Simjui! Na mtoto mwenye pua yake yuko mgongoni kwangu!

Yule mzee akajiinua taratibu, akajipangusa vumbi. "Imetosha, kijana," akamwambia. Akanisogeza nyuma ya lori lao, na hapo hakuongea vizuri hata kidogo. Alikwama kwama. "Mwanangu, mimi si ndugu yake. Tabora nilikuwa baba yake. Mpanda nilikuwa mjomba. Wewe… wewe ni wa tatu."

"Na kwao ni wapi?"

"Hata mimi sijui."

"Na mtungi ulionyonya na baba yangu?"

Akatazama chini. "Ule ndio unaoninyima raha," akasema.

Nilirudi Titye kwa miguu na kwa malori, siku mbili. Nilimweleza baba yote mbele ya shangazi. Hakunikaripia. Aliitungua mirija ya pombe ukutani akaivunja gotini, mmoja mmoja. Akasema, "Nipe mtoto." Nikampa. Mwanangu akapewa jina la babu yangu mzaa baba, akaingia ukoo wetu siku hiyo hiyo. Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa sababu Chuma Reli husoma magazeti akitafuta picha yake.

Nasikia sasa anapigana mkoa mwingine kwa jina jingine, na Nyati wake ni mwingine. Baba mkwe gani anatayarishwa huko sasa?

Dada zangu, sisemi mwachukie wapiga mieleka. Mieleka yake ilikuwa maigizo, na watu walifurahi. Mimi nililia kwa sababu aliyaleta maigizo mpaka kwenye mtungi wa baba yangu! Wazazi, nawasihi, tumeni mjumbe. Hata kama ni siku nne kwa miguu, tumeni! Serikali ilihamisha nyumba, haikuyeyusha watu.

Na akija mtu mwenye sifa na mabango, akakuambia kwao kumehama… mwambie akupeleke walikohamia.