Mkumbushi Mwenye Sauti ya Mihayo

Kila asubuhi, uji ulipoanza kutokota, ukuta wa jikoni kwa Bibi Kalunde ulimsalimu kwa sauti ya mumewe.

"Mwangaluka, Kalunde. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Baba Shija," alijibu, akipunguza moto ili asikie vizuri.

"Mgongo je?"

"Upo palepale."

"Pole sana. Haya, kuna lile deni letu la mzinga."

Ifahamike, kabla msomaji hajakimbia, kwamba hapakuwa na mzimu wowote katika jikoni ile. Mzee Mihayo alikuwa amezikwa kwa heshima zote, nusu ya mji wa Tabora ikiwa imesimama makaburini, na hakuwa na mpango wa kurudi. Aliyekuwa akizungumza ni mkumbushi.

Mkumbushi ni mashine isiyo na mwili. Huyu aliishi ndani ya mitambo ya Kampuni ya Ukumbusho Mwema, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwapigia wadaiwa simu mpaka walipe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vijana wenye sauti za ukali, na watu wakawa wanawakatia. Wahandisi wakakaa kikao, wakanywa chai nyingi, wakagundua jambo ambalo mama yeyote wa mtaani angewaambia bure: mtu hukata simu ya mgeni, lakini hakati simu ya anayempenda. Tangu hapo kila mkopaji alitakiwa kusoma aya moja kwa sauti mbele ya chombo. Kutoka katika aya hiyo mashine ilichukua mbegu ya sauti, yaani chembe ya namna mtu anavyotamka, anavyovuta pumzi na anavyoburuta maneno. Mbegu ikipandwa ndani ya mkumbushi, huota sauti nzima. Mkopaji akichelewa kulipa, watu wa nyumbani kwake humsikia akiwabembeleza kutoka kwenye simu iliyojengwa ukutani. Akifa, sauti haifi naye.

Mzee Mihayo alikuwa mfuga nyuki, na alikopa ili anunue mzinga-akili: mzinga unaojipima uzito wenyewe, unaomjua nyuki mgonjwa, na unaomwita mfugaji asali ikiiva. Ulikuwa mzinga wa ajabu. Kiangazi cha kwanza ulipata joto, ukachanganyikiwa, ukawa unaita watu wapitao njiani. Mzee akaufunika kwa gunia na kurudi kwenye mizinga yake ya magogo. Deni lake halikuchanganyikiwa hata kidogo.

Bibi Kalunde alijua vizuri kwamba anaongea na mashine. Mihayo wa kweli hakuwahi kumwita Kalunde tangu walipopata mtoto wa kwanza. Alimwita Mama Shija, na hata hilo alilisema akiwa na shida tu. Lakini ile salamu ya asubuhi ya kwao, "mwangaluka", ilikuwa yake. Kule kukwaruza kwa koo kabla ya kusema "pole" kulikuwa kwake. Basi bibi akajiwekea hesabu yake. Akilipa kidogo mno, mkumbushi atakuwa mkali. Akilipa sana, deni litakwisha na ukuta utanyamaza. Kila mwezi alilipa kiasi cha katikati, kiasi cha kumrudisha mume kesho asubuhi.

Ili kupata kiasi hicho aliuza asali, na asali ilipopungua aliuza mizinga. Miti ya nyuma ya nyumba, ambayo zamani ilinguruma mchana kutwa, sasa ilibeba mizinga michache tu. Ikiisha hiyo, bibi hatakuwa na cha kuuza wala cha kula. Alilijua hilo pia. Alijiambia atalifikiria kesho, na kesho ikifika aliisogeza mbele.

Hapo ndipo Wande alipokuja likizo.

Wande alikuwa mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya bweni, msichana mwenye sura ya unyenyekevu mkubwa ambayo haikumdanganya mtu yeyote mara mbili. Muhula ule alikuwa amelifundisha roboti-matroni la bweni lao kwamba Jumamosi huja baada ya Jumamosi, na wasichana wakalala hadi jua kali wiki nzima kabla walimu hawajatambua. Aliteremka kwenye garimoshi la sumaku akiwa na begi moja na barua ya onyo, akamwamkia bibi yake kwa adabu.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba, mwizi wa waume."

Kwa desturi ya kwao, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na kwa hiyo ni mke mwenza wa bibi. Wawili hawa walikuwa wakigombea mume mmoja tangu Wande akiwa na meno mawili. Hata msibani, watu wakilia, Wande alisimama akatangaza kwamba mke mkubwa ndiye aliyemchosha mzee kwa maneno, na bibi akacheka ndani ya machozi yake. Wakati ule cheko hilo lilimsaidia kuliko pole zote alizopewa.

Asubuhi iliyofuata, ukuta ukasema.

"Mwangaluka, Kalunde. Umeamkaje?"

Wande aliganda, mwiko mkononi. Alimtazama bibi yake, akautazama ukuta, akamtazama tena bibi. Kisha akafanya alichofanya siku zote alipoogopa, yaani utani.

"Mwangaluka, mume wangu. Leo unaongea na mke mdogo. Huyo mkubwa kazeeka, shida zako niambie mimi."

Bibi Kalunde alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Alisubiri jibu. Mihayo angesema, "Nyamaza wewe, hata ugali hujui kusonga." Ukuta ulijibu kwa adabu.

"Asante, mke mdogo. Nimekuandika."

"Kakuandika wapi?" bibi aliuliza. Cheko lilikuwa limemtoka.

"Moyoni mwake, bila shaka," Wande alisema, lakini na yeye hakucheka.

Walikunywa uji. Wande aliuliza, bibi akaeleza: mzinga, mkopo, malipo. Hakueleza ile hesabu ya katikati. Wande alisikiliza akiwa amekunja uso kama hakimu wa mahakama kuu aliyenyimwa sukari.

"Bibi, uliweka saini popote?"

"Niweke saini wapi? Babu yako alikopa kimyakimya. Nilijua siku mzinga ulipofika mlangoni na kuniita."

"Hukuwa mdhamini?"

"Hata shahidi sikuwa."

"Basi si deni lako." Wande alisogeza bakuli pembeni. "Tumefundishwa. Deni la marehemu linatolewa kwenye alichoacha, wakati wa mirathi. Hawakuja kwenye mirathi?"

"Hawakuja. Walianza kupiga baadaye."

"Kwa sababu wanajua. Mjane asiyesaini hadaiwi, wanabahatisha tu. Na kuna mengine. Wakipiga, una haki ya kuwaambia wakuletee ushahidi wa deni. Ukiwaambia wasikupigie tena, lazima waache. Hawaruhusiwi kukutisha, wala kuwasumbua ndugu zako. Na ukiiuliza mashine, 'Wewe ni nani?' lazima iache sauti ya kuazima na ijibu kwa sauti yake yenyewe. Hujawahi kuiuliza?"

"Sijawahi," alisema Bibi Kalunde, akikusanya mabakuli ambayo yalikuwa bado na uji.

"Kwa nini?"

"Nitaiuliza."

"Lini?"

"Mke mwenza, wewe umekuja kupumzika au kufungua mahakama?"

Kesho yake mkumbushi aliposalimu, bibi alijibu kama kawaida, akauliza naye kuhusu hali yake, akaahidi kulipa. Wande alimtazama kutoka mlangoni bila kusema kitu. Kwa msichana wa aina yake, kunyamaza ni dalili ya ugonjwa.

Mchana wa siku hiyo bibi alitoka nje kumwita aje kula, hakumwona. Alimkuta chini ya mizinga, amekaa juu ya ule mzinga-akili uliovikwa gunia. Sikioni alikuwa na kipuli chake, kile kidude kidogo ambacho vijana wa wakati ule walikitumia kupiga simu. Alikuwa analia bila sauti, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

Bibi Kalunde hakuwahi kumwona mtoto huyu akilia. Msibani hakulia. Alipovunjika mkono akiwa mdogo, alimwomba daktari amvunje na wa pili ili asiandike mtihani.

"Kuna nini?"

Wande alikitoa kipuli, akakiweka kiganjani mwa bibi yake. Sauti ya Mihayo ilikuwa ikisema, ndogo kama ya mdudu, taratibu na kwa upole:

"Mke mdogo, mbona kimya? Umekiri mwenyewe kwamba wewe ni mke wangu. Deni ni letu sote. Usiponijibu, itabidi nimkumbushe mkuu wa shule yako. Mke mdogo, mbona kimya?"

Mashine ilikuwa imeupokea utani kama kiapo. Ilikuwa imeitambua sauti ya Wande, ikatafuta namba yake, ikaanza kazi.

"Imeanza tangu jana," Wande alisema. "Nimekata, inarudi. Najua haki zangu zote, Bibi. Najua niseme nini. Lakini ikisema 'mke mdogo' siwezi. Ni yeye kabisa. Alikuwa akiniita hivyo akinipa sega la asali, na sasa kila nikimkumbuka ananidai."

Bibi Kalunde alikaa karibu naye juu ya gunia. Alikuwa ameuza mizinga ya miti mizima ili asikie salamu. Hakuwa amewaza kwamba sauti ile, ikimaliza kwake, ingeingia kwa mwingine na kula hata kumbukumbu.

"Mimi ndiye niliyeilisha," alisema. "Nilipaswa kuiuliza siku ya kwanza. Nilijua kuna swali nikiliuliza itaondoka, ndiyo maana sikuuliza."

Wande alimtazama, na polepole akaielewa ile hesabu ya katikati bila kuambiwa.

"Ulikuwa unalipa ili arudi," alisema.

"Nilikuwa nalipa ili arudi."

Asubuhi, Wande alimwandalia maneno mazito ya kisheria, yenye "kwa mujibu wa" tatu ndani yake. Bibi alimwambia akoroge uji. Alijifunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya ukuta kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni stesheni.

"Mwangaluka, Kalunde. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama." Alisogea karibu zaidi. "Wewe ni nani?"

Sauti iliyotoka haikuwa mbaya. Ilikuwa nyororo, haina umri wala kabila.

"Mimi ni mkumbushi, mashine ya Kampuni ya Ukumbusho Mwema. Ninazungumza kuhusu deni la marehemu Mihayo."

Bibi Kalunde alishika ukingo wa meza. Wande aliacha kukoroga.

"Sikiliza basi, mkumbushi. Mimi sikusaini popote wala sikuwa mdhamini. Hili si deni langu, na nilicholipa mtanirudishia. Usinipigie tena. Huyu binti si mke wa mtu, ni mjukuu wa marehemu, na alikuwa anatania. Mfute mlipomwandika. Mkimgusa yeye au shule yake, nakwenda baraza la wateja leo hii na nauli ninayo."

"Nimesikia. Simu zitakoma kwako na kwa mjukuu. Madai ya kurudishiwa yatajibiwa kwa maandishi. Kuna jambo moja la mwisho. Mbegu ya sauti ni mali ya warithi. Irudishwe kwenu, au ifutwe?"

Hilo shule haikuwa imemfundisha Wande. Aliruka karibu na ukuta.

"Bibi, irudishwe. Tutaipanda wenyewe. Atakusalimia kila asubuhi, bure, na neno la deni halitakuwepo. Tutaisemesha chochote tunachotaka."

Bibi Kalunde aliufikiria ukuta. Aliona asubuhi zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, na mume mpole ndani ya kila moja, akimuuliza mgongo. Ilikuwa tamaa kubwa, na aliiacha ikae naye kwa muda unaostahili.

"Tutaisemesha tunachotaka," alirudia. "Wande, miaka yote ile babu yako hakusema nilichotaka hata siku moja."

Akaugeukia ukuta.

"Ifute."

"Imefutwa," ilisema mashine, na ukuta ukawa ukuta.

Uji ulifurika, ukazima moto, na hakuna aliyeushughulikia. Wande alikuja akamshika bibi yake kiunoni kutoka nyuma, akaegemeza kichwa mgongoni pake, pale panapouma, na bibi hakumwambia asogee. Walisimama hivyo mpaka mvuke ukaisha.

"Sasa sauti yake nitaisahau," Wande alisema.

"Utaisahau kidogo. Na mimi hivyohivyo."

"Alikuwa anasema nini basi, kama hakusema ulichotaka?"

Bibi Kalunde alivuta kigoda, akamwonyesha mjukuu wake kingine, akaanza na ugomvi wao wa kwanza, wa wiki ileile ya harusi, kuhusu chumvi.