Tembe za Moyo za Tata Among

Kila asubuhi, kabla ya kuku kufunguliwa na kabla ya chai kuinjikwa, Amuron alichemsha maji. Hayakuwa ya kuoga wala ya kupika. Yalikuwa ya vidole vya nyanya yake. Aliyamimina kwenye beseni, akayapoza kidogo, na nyanya akatumbukiza mikono yote miwili na kukaa hivyo mpaka vidole vikubali kukunjika.

Nyanya mwenyewe aliitwa Among, lakini Amuron alimwita Tata, kama Wateso wengi wanavyowaita nyanya zao. Alikaa Kamuriai, si mbali na Malaba. Ukisimama barabarani pale huoni ila malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, kama ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa kwenye josho. Wazazi wa Amuron walikaa Malaba mjini. Mama yake, Asekenye, binti wa Tata, aliuza vitenge sokoni, na baba yake, Okwi, aliendesha bodaboda. Amuron alikuwa msichana wa gredi ya sita, na alihamia kwa Tata ili amsaidie kazi za mikono.

Tata aliugua baridi yabisi, na si ule uchovu wa viungo unaowapata wazee wengi. Ilimwanza akiwa bado mama kijana. Vifundo vya vidole vilivimba, vikapata joto, na mwishowe vidole vikapinda upande mmoja. Hata hivyo hakuacha kusaga odi, ile siagi ya karanga na simsim ambayo wanawake wa Malaba walimwagizia kila wiki. Amuron alisukuma jiwe la kusagia, Tata akaonja na kulalamika. Chumvi imezidi. Karanga hazijaiva. Wewe unasaga au unalipapasa jiwe? Ukimsikia ungedhani hampendi mjukuu wake, kumbe alimpenda kupita kiasi.

Wakati wa likizo Amuron alimsindikiza kliniki Busia. Daktari, mwanamke mpole aliyeitwa Mercyline, alimpa Tata dawa yake ya viungo aliyoizoea. Kisha akampima presha, akapima tena, akaongeza pakiti nyingine. Hizi, alisema, ni za presha na moyo, unameza moja kila siku bila kukosa. Halafu akamgeukia Amuron kwa sababu ndiye aliyekaa na mgonjwa. Akamwambia kwamba siku akiona mdomo wa nyanya umepinda, au mkono umelegea ghafla, au maneno yanatoka mazito, asingoje kesho. Amlete hospitali wakati huo huo.

Njiani Tata alinuna. Walipofika nyumbani aliitupa ile pakiti juu ya kitanda.

"Mimi naumwa vidole," alisema. "Moyo wangu umemkosea nini yule daktari?"

Aliamini kwamba dawa zilichanganywa na za mgonjwa mwingine. Na dawa nzuri haitupwi. Jirani yao, Mama Roselida, alikuwa akilalamika kichwa kinamgonga, naye alishasema mara nyingi kwamba lazima ni presha, ingawa hakuwa amepimwa hata siku moja. Basi Tata akampa pakiti yote. Pale kijijini watu waligawiana dawa kama walivyogawiana chumvi. Ukiwa nayo na jirani hana, unamkatia. Roselida alishukuru sana, akaleta mayai. Tata alimwonya Amuron asimwambie mama yake, kwa kuwa Asekenye angepiga kelele bure.

Tangu hapo, kila Asekenye alipopiga simu aliuliza swali lile lile. Tata anameza dawa? Na kila mara Amuron alijibu kwamba anazimeza zote. Mara ya kwanza uongo huo ulitoka kwa shida. Baadaye ukatoka wenyewe, na hilo lilimtia hofu zaidi, lakini afanye nini? Tata alikuwa amemwamini na siri yake, na mtoto akiaminiwa na mtu mzima hujiona ameongezeka kimo.

Jumamosi moja baada ya mvua kubwa, Tata alitia mikono kwenye maji kama kawaida. Mkono wa kulia ukateleza ukaanguka nje ya beseni. Akaurudisha kwa mkono wa kushoto. Ukaanguka tena. Alijaribu kusema kitu, na maneno yakatoka yamevurugika, kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni.

Amuron alimwita Mama Roselida, naye akaja mbio. Roselida alimtazama, akapiga ulimi kwa huruma, akasema ni baridi ya mvua ya jana imeingia mifupani. Angechuliwa kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, alale, na mchana angekuwa mzima. Mtu yeyote angeamini hivyo. Mkono wa Tata Among ulikuwa mbovu miaka yote. Mkono mbovu ukizidi ubovu, nani atashtuka?

Lakini Amuron aliijua mikono ile. Alishika kifundo kikubwa cha kidole cha shahada cha mkono ule wa kulia, kile ambacho hata ukikigusa na khanga Tata anang'aka. Akakibonyeza. Tata hakung'aka. Akabonyeza kwa nguvu. Tata alimtazama tu. Amuron akamwomba atabasamu, na tabasamu likaja upande mmoja wa uso, upande wa pili ukabaki umelala.

"Si baridi yabisi," Amuron alisema. "Baridi yabisi inamuuma. Mkono huu haumuumi hata kidogo."

Alichukua simu ya Tata akampigia baba yake. Okwi alikuwa stejini Malaba akingoja abiria, akasema anakuja. Hapo Roselida akashika kiuno. Okwi aje kumbeba nani? Kwa desturi waliyolelewa nayo, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake. Haingii chumbani mwake, hampi mkono, hakai naye karibu. Okwi mwenyewe, kila alipoleta unga au sabuni, aliviacha langoni na kusalimia kutoka hapo hapo, uso ameugeuza pembeni. Roselida akashauri wamsubiri Asekenye afunge biashara yake atafute gari. Amuron alijua maana ya kusubiri.

Pikipiki ilinguruma ikazima langoni. Okwi alisimama pale pale anaposimama siku zote. Kutoka nje aliuliza hali, na Amuron akatoka akamweleza yote aliyoyaona na yote ambayo daktari alimwambia. Okwi alimsikiliza huku akitazama mlango ambao hakuwahi kuuvuka. Amuron alimwogopa baba yake wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, kwa maana hakujua angeamua nini.

Okwi akavua kofia ya chuma, akaitundika kwenye usukani, akaingia ndani. Tata alipomwona alijaribu kujifunika uso kwa khanga kwa mkono mmoja aliobaki nao. Okwi akapiga magoti.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nitarudi na wazee niombe radhi kama inavyopasa. Saa hii ni hospitali."

Akambeba. Roselida naye akafanya jambo la maana: akaleta leso yake ya kujitanda. Wakamkalisha Tata kwenye pikipiki nyuma ya mkwe wake, Amuron akakaa nyuma akimkumbatia kwa mikono yote miwili, na Roselida akawazungushia ile leso akaifunga imara. Kichwa cha Tata kiliegemea mgongo wa Okwi. Wakapita kando ya malori, wakaiacha foleni nyuma, wakaelekea hospitali. Okwi aliendesha polepole na kwa uangalifu.

Hospitalini walipokelewa upesi. Asekenye, aliyepigiwa simu na Amuron, alifika akihema, kitenge kimoja cha biashara bado kikiwa begani. Daktari aliyekuwa zamu, Omagor, alikuwa amekwisha kumpima Tata presha na uso wake haukupendeza. Alisema wangempiga picha ya kichwa, lakini kwanza alitaka kujua mgonjwa amekuwa akimeza dawa gani.

Asekenye alijibu bila kusita. Alitaja dawa ya viungo, na ile ya presha ambayo mama yake humeza kila siku. Binti yangu anakaa naye, alisema, ananihakikishia kila wiki. Na kweli ndivyo alivyojua, maskini, hakuwa na sababu ya kujua vingine. Omagor akakunja uso. Akasema kama presha imefika juu namna ile mgonjwa akiwa anameza dawa kila siku, basi dawa ile haifai, na itabidi ampe yenye nguvu zaidi.

Amuron angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Siri ya Tata ingebaki salama, mama yake angeendelea kumwamini, na Tata angepewa dawa kwa sababu ya uongo. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomshinda.

"Hamezi," alisema. "Za viungo anameza. Za moyo alimpa jirani, pakiti yote. Mimi nilidanganya."

Asekenye aligeuka akamtazama binti yake kana kwamba hamtambui. Okwi akainamisha kichwa. Amuron alilia, si kwa kuogopa kuchapwa, bali kwa aibu. Omagor hakumkemea. Alimuuliza tangu lini, akamuuliza kama Tata hunywa vidonge vya maumivu vya dukani. Amuron akakiri kwamba vipo, huvinywa siku za kusaga odi nyingi. Omagor alimshukuru, akaenda kubadilisha matibabu aliyokuwa ameyapanga.

Picha ilionyesha kiharusi kidogo. Mshipa wa damu kichwani ulikuwa umeziba. Kwa kuwa alifikishwa mapema, Tata alipata nafuu. Kabla wiki haijaisha maneno yalikuwa yamenyooka, ingawa mkono wa kulia ulibaki dhaifu, na Omagor hakuwaahidi kwamba ungerudi kama zamani.

Siku ya kuruhusiwa, wote walikuwa kando ya kitanda, Roselida naye akiwemo. Alikuja amejiinamia, pakiti ya dawa mkononi ikiwa imebaki tembe chache. Omagor alimpima papo hapo. Hakuwa na presha hata chembe, na kizunguzungu alichokuwa akikipata siku hizi kila akisimama kilitokana na dawa isiyo yake. Roselida alikaa kwenye benchi taratibu, akasema hatameza tena kitu cha jirani labda ugali.

Tata bado alikuwa na swali lake la zamani. Alitaka kujua vidole na moyo vinakutana wapi.

"Baridi yabisi yako, mama, haikai kwenye vidole peke yake," Omagor alimjibu. "Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwako askari hao wamekosea, wanavishambulia viungo vyako wenyewe. Uvimbe na joto unaouona kwenye vidole huo ndio moto wa vita, na moto huo unafika pia kwenye mishipa ya damu, mahali usipoona. Mishipa inakuwa migumu na damu inaganda kwa urahisi. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa huu yuko katika hatari zaidi ya moyo na kiharusi kuliko jirani yake. Vile vidonge vya maumivu navyo vinaweza kupandisha presha. Daktari wa Busia hakukosea. Alikuwa anaulinda moyo kabla haujaumwa."

Tata alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na ilimgharimu mtu wa kiburi kama yeye, kwamba alidhani ana akili kuliko daktari, na akili hiyo karibu imzike. Aliahidi kumeza dawa, kwenda kliniki kila anapoitwa, kupunguza chumvi kwenye chakula chake, na kutembea kila siku kadiri viungo vitakavyomruhusu.

Asekenye alikuwa hajazungumza vizuri na binti yake tangu siku ile. Sasa alimvuta karibu, akamwambia kwamba uongo wake ulimchoma sana, na kwamba hata hivyo alisimama mbele ya watu akasema kweli wakati kweli ilikuwa nzito, na hilo hatalisahau. Amuron aliomba msamaha. Aliuomba kwa mama yake, kisha kwa Tata, kwa kuwa alikuwa ameitoa siri yake.

Tata alitikisa kichwa. Aliunyanyua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akamshika mjukuu wake kidevu.

"Sikiliza," alisema. "Siri ya mwili wa mgonjwa usimfiche anayemtibu, wala anayemtunza. Siku nyingine nikikwambia usiseme, wewe sema siku hiyo hiyo. Nitakasirika, unanijua. Niache nikasirike. Nataka nikukasirikie nikiwa hai."