Kocha Aliyelishwa Matango Pori

Dakika ya sitini na tatu, Mindu Rangers wakiwa nyuma kwa bao moja, Kocha Dionisi Kobelo alinyanyua mkono wa kulia na kumtoa mshambuliaji pekee aliyekuwa amebaki uwanjani. Akamwingiza beki. Kisha akarudi kwenye mstari wake, taulo begani, akakunja mikono kifuani kama alivyozoea kusimama enzi za uhai wake. Kocha Kobelo alikuwa na miaka saba kaburini.

Aliyesimama pale alikuwa taswira-nuru, mtu wa mwanga mtupu aliyetupwa na vioo vinne vilivyofungwa juu ya benchi. Akili yake ilikuwa ndani ya kidumishi, chombo cha ukubwa wa friji ndogo kilichotunzwa kwenye ofisi za klabu. Kidumishi hulishwa maneno yote ya mtu yaliyowahi kurekodiwa, kikiyachambua na kuyaunganisha mpaka kiweze kufikiri na kujibu kama yeye. Morogoro ya siku hizo ilikuwa imevizoea. Kulikuwa na kimoja kinafundisha hesabu sekondari na kingine kinaamua kesi za mipaka ya viwanja, lakini Mindu Rangers ndio waliokuwa wa kwanza kukikabidhi timu. Siku ya kwanza taswira ile ilipotokea uwanjani, watu wazima walilia. Kobelo ndiye aliyewapa makombe matatu, na sasa amerudi.

Sasa ilikuwa mechi ya saba hawajafunga hata bao la kusingiziwa. Filimbi ya mwisho ilipolia, jukwaa zima lilikuwa linaimba kwamba mzimu urudi kaburini, na waliochoka kuimba walitukana. Katikati yao, skafu ya klabu shingoni, alikaa Perpetua Kobelo, fundi wa vyura-chuma, zile roboti zinazozibua mitaro ya mji. Alikuwa mtoto pekee wa kocha. Alikuwa amejaa hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba na yeye mdomo ulikuwa unamwasha kutukana.

Kesho yake alikwenda kwa Chande kinyozi, Mwembesongo, kama alivyokwenda kila baada ya mechi. Kule kwa Chande vichwa vilinyolewa na mkono-kinyozi, mashine iliyoning'inia darini, na Chande mwenyewe alikuwa amebakiwa na kazi moja tu ya kubishana. Siku hiyo saluni ilifurika. Mmoja aliapa kwamba amemwona Mhandisi Ngwale, mtunza kidumishi, akipokea boksi stesheni ya treni, na ndani ya boksi hilo kuna kocha aliyefia Kigoma, mtu wa mashambulizi mwanzo mwisho. Mwingine akasema hizo habari za mitaani, ukweli ni kwamba mwenyekiti anaongea na kocha mzima, anayepumua, kutoka Bujumbura, na kinachowachelewesha ni kwamba jamaa anataka aje na kipa wake. Wa tatu alikuwa na lake: Kobelo atachanganywa na marehemu mwingine, nusu kwa nusu, kama chai na maziwa. Wakazomeana. Mteja mmoja alibisha kwa kichwa mpaka mkono-kinyozi ukamwachia njia upande wa sikio.

Chande akawanyamazisha.

"Mnajichosha bure," alisema. "Hata wakileta malaika, mkataba unataka saini ya mtu mmoja kumwondoa Kobelo. Na mtu mwenyewe amekaa hapo anatusikiliza."

Wote wakamgeukia Perpetua. Ilikuwa kweli. Wiki ya tatu ya msiba, macho yakiwa bado yamevimba, alitia saini karatasi za klabu bila kuzisoma, akaandikwa msimamizi wa nafsi ya marehemu. Alichotaka wakati ule ni jina la baba lisipotee. Baada ya hapo hakuwahi hata siku moja kukanyaga chumba cha kidumishi, kwa kuwa mama yake alimwomba asiende, naye hakuuliza sababu.

"Baba yangu hakuwahi kumtoa mshambuliaji timu ikiwa nyuma," alisema. "Wewe Chande unajua. Siku ile ya fainali aliingiza wa nne, watu wakamwita kichaa. Halafu leo mnamtukana kwa mpira wa woga ambao hakuufundisha hata siku moja."

"Dada Perpetua, mimi nilikuwepo fainali ile, nililala na jezi yake wiki nzima," Chande akajibu, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Sasa kama yule si baba yako, tunamlindia heshima ya nani?"

Perpetua akainuka. Aliondoka bila kuaga, akawaacha wakirudi Bujumbura na Kigoma.

Alimkuta Mhandisi Ngwale ofisini kwake, kijana nadhifu mwenye kujiamini, akamuuliza swali moja: kidumishi kililishwa nini? Ngwale akafurahi kuulizwa. Akamweleza kwamba hakuna kidumishi nchini kilicholishwa vizuri kama kile. Mahojiano elfu nne mia moja na kumi na mawili, ya redio, magazeti na runinga, kuanzia siku Kobelo alipoanza ukocha hadi wiki aliyolazwa.

"Na ya mazoezini? Ya vyumbani, wakati wa mapumziko?"

"Hayapo. Marehemu alikataza kurekodiwa."

Hapo Perpetua akaona jambo lote, na damu ikampanda kichwani. Baba yake alimwogopa mwandishi wa habari kuliko alivyomwogopa mpinzani. Mazoezini aliwahi kulitungua jicho-ruka, kile kimashine cha kupiga picha angani, kwa kiatu chake mwenyewe. Vyumbani alifunga mlango kwa komeo. Mbele ya vipaza sauti alikuwa mpole, akisema tunamheshimu mpinzani, pointi moja ugenini si haba, kwanza tusifungwe, halafu Jumamosi anaingia uwanjani na washambuliaji wanne. Akirudi nyumbani alijitupa kwenye kochi akicheka. Leo nimewalisha matango pori, alikuwa akisema, wamekula mpaka wamevimbiwa.

"Mmekilisha matango pori," Perpetua alimwambia mhandisi. "Kila alichokiamini alikisemea chumbani mlango umefungwa. Mlichokiokota ninyi ni uongo aliowadanganyia waandishi, mkautengenezea mtu, mkampa timu. Miaka saba, Ngwale. Hamkuona haja ya kuuliza hata mtu mmoja aliyeishi naye?"

 Ngwale akasema, taratibu, kwamba yuko mtu aliyeishi naye ambaye huja kila Jumapili baada ya misa, hukaa na kidumishi nusu saa, na hajawahi kulalamika. Akaongeza kwamba ni vizuri dada ajue sheria ilivyo: nafsi isiyo na kazi hairuhusiwi kuhifadhiwa. Akisaini, kidumishi kitafutwa chote, hakitabaki na neno.

Mama Perpetua alikuwa kibarazani akichambua mchicha. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kuinua macho, mikono ikiendelea na kazi.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Nilipoingia tu akaniambia asante kwa kuja."

"Ulijua, mama, ukanyamaza? Mji mzima unamtukana baba."

"Baba yako aliishi na mimi miaka thelathini na minne. Alikula, alivaa, aliugua mikononi mwangu. Hakuwahi kuniambia asante, labda aliona haya. Siku aliyochukua kombe la kwanza akasema redioni anamshukuru mke wake kwa uvumilivu. Nilikuwa jikoni, nikaisikia kama mtu mwingine yeyote." Akatupa mabua pembeni. "Basi yule wa kule amelibeba neno hilo. Kila Jumapili ananiambia. Najua ni la uongo, mwanangu. Ninakwenda kulisikiliza tu."

Perpetua alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Mama akamwambia asaini, timu ni ya watu na watu wamechoka, yeye Jumapili atajua pa kwenda. Ila asaini pale mlangoni, arudi. Asiingie ndani. Perpetua akauliza kwa nini, na mama akasema mchicha unamsubiri.

Kule klabu aliingia. Tangu lini mtoto wa Kobelo akaambiwa usiingie akabaki nje? Ngwale alimkabidhi bamba la saini, akawasha vioo, akawapisha. Nje ya ukuta, Chande na wenzake walikuwa wameshakusanyika getini, wanagonga mabati, maana habari za mji ule hazihitaji miguu.

Mwanga ukatetemeka, ukatulia, na baba akawa mbele yake, taulo begani, na lile kovu kwenye nyusi alilolipata kwa kugongana na mlingoti wa goli. Perpetua alikuwa amebeba maneno yake yote ya hasira tangu barabarani. Yakayeyuka. Alijikuta anangoja tu, kama alivyongoja utotoni mlango ufunguliwe.

Taswira ikamtazama, ikatabasamu kwa adabu.

"Karibu, dada. Unatokea chombo gani cha habari?"

Perpetua alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema mimi ni Perpetua, akaacha. Mwisho akauliza, kama mwandishi anavyouliza:

"Kocha, una watoto?"

Taswira haikufikiri hata sekunde moja.

"Hayo ni mambo ya ndani. Ya ndani tuyaache ndani, tuzungumzie mpira."

Mahojiano elfu nne mia moja na kumi na mawili, na yeye hakutajwa hata mara moja. Tangu filimbi ya mwisho Perpetua alikuwa ameigawa hasira yake kwa Chande, kwa mhandisi, kwa jukwaa lililotukana, kwa friji ile yenye uongo, na sasa ikarudi yote ikampata baba mwenyewe, mzee mwenye taulo aliyekufa bila kuona haja ya kumtaja mwanawe mbele ya watu. Akamchukia. Alimchukia waziwazi, machozi yakimtoka, kisha akabonyeza kidole gumba kwenye bamba mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Kama hakuna swali jingine," kocha akasema, "nawashukuru sana." Vioo vikazimika.

Getini kelele zilikatika ghafla alipotokea. Hakuna aliyeshangilia. Waandishi wawili walisogeza vipaza sauti, na Chande, aliyekuwa na bango la kumfukuza mzimu, alilishusha akaliegemeza ukutani. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama amefanikiwa kuongea naye, na kama mzee amesema chochote.

Perpetua alifuta uso kwa skafu. Akawatazama wote mmoja mmoja.

"Amenijua nilipoingia tu," alisema. "Ameniambia, mwanangu Perpetua, saini, timu ni ya watu. Akasema miaka yote alikuwa ananiwaza mimi akiwa kwenye mstari."

Chande akavua kofia, na wengine wakavua. Kesho yake magazeti yote ya Morogoro yaliandika hivyo hivyo, neno kwa neno.