Kifuniko cha Ndoo ya Mafuta

Krrr. Gizani, kabla jogoo hajawika, kifuniko cha bati kilikwaruza huko stoo. Boróka aliutambua mlio huo hata usingizini. Ilikuwa ndoo ya mafuta ya nguruwe, ile waliyoijaza Januari, siku ya kuchinja.

Aliamka, akamkuta jikoni babu yake, mzee Gellért, ameupaka mkate mafuta mazito, vitunguu juu. Kidonge chake cha asubuhi alikitupa kwenye majivu ya jiko, kisha akapiga funda la pombe kali ya tunda la plamu.

"Babu, si daktari alikukataza?"

"Daktari kasomea mjini. Sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu, inataka kitu kikali. Hii inayeyusha yote mishipani. Bibi yako asijue, sawa?"

Boróka aliitikia shingo upande. Vuli iliyopita moyo wa babu ulimwangusha katikati ya mizabibu, naye ndiye aliyemkuta.

Wiki ile walikwenda pamoja zahanati. Daktari Piroska alisoma majibu ya damu, akakunja uso. "Mzee, vidonge havijakusaidia hata kidogo. Itabidi nikupe vikali zaidi."

Babu akamfinya mjukuu wake mkono. Boróka akauchomoa mkono wake. Hivyo vikali navyo si vitaishia majivuni?

"Hajavimeza," alisema. "Anavitupa, anakunywa pombe iyeyushe mafuta."

"Kweli, kikulacho ki nguoni mwako," babu akanung'unika.

Daktari hakucheka. "Mzee wangu, mafuta hayaelei kwenye damu kama kwenye supu. Hubebwa ndani ya vifurushi vidogo mno. Vipo vinavyoyarudisha kwenye ini. Vingine, vikizidi, hupenya ukuta wa mshipa vikakwama humo, ukuta ukavimba, njia ikasonga. Uvimbe ukipasuka, damu huganda, moyo unakosa damu. Ndiyo yaliyokupata vuli. Pombe haiyeyushi chochote humo. Kidonge ndicho kinacholisaidia ini kuvizoa."

Wakarudi nyumbani. Walipofika langoni babu akasimama.

"Nilikutwisha mzigo usio wako, mjukuu wangu. Siri inayomdhuru mtu haitunzwi, hata akiiomba mwenyewe."

Alfajiri iliyofuata stoo ilikuwa kimya. Kilichosikika ni karatasi ya vidonge ikitatarika jikoni. Boróka alikuja pekupeku na glasi ya maji, akaketi mbele ya babu yake.

"Meza nikikuona, Babu."